Mabwana Wawili, Waya Mmoja

Bi Somoe Nang'uto aliniita Jumatatu,
sijanywa hata chai.
"Njoo uione mashine yangu. Imewakana watoto wake."

Nikaikuta sebuleni, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe,
kubwa, rangi ya jino la mvutaji,
ya mwaka ule korosho zilipolipa
na nusu ya mtaa wetu hapa Mikindani ikaezeka bati.

Nikabonyeza. Ikakohoa, ikawaka.
Nikafungua orodha ya waliomo:
C, basi.
D hayupo. E hayupo.
Kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa.

Na papo hapo, nikigusa kitufe,
kisahani cha sidii kikatoka taratibu,
ulimi wa mtoto mbele ya daktari,
taa ya kijani ikapepesa.
Yupo. Anakula umeme. Anaitika.
Mwenye nyumba ndiye hamwoni.

Nilizima, nikawasha
(fundi asiyeanzia hapo ni mwongo).
Nikaingia kwenye ule ukurasa wa bluu,
wa kabla madirisha hayajafunguka,
nako: hakuna, hakuna.
Basi si ugonjwa wa programu. Ni wa mifupa.

Bisibisi. Skrubu nne, moja imeota kutu.
Ndani, vumbi la miaka kumi na mitano,
mjusi aliyekauka na heshima zake,
na hewa ya chumvi imeng'ata shaba.
Nikasugua meno ya draivu kwa kifutio cha mjukuu wake Nuzulati,
nikachomoa, nikachomeka,
ukingo mwekundu upande wa namba moja.
Hakuna.

"Nani ameifungua hii kabla yangu?"
Bi Somoe akaangalia dari.
"Shemeji Likwata alikuja Mei,
akaongeza ile ya kuandikia. Alisema moja haitoshi."

Nikavigeuza visanduku vyote viwili, nikavitazama mgongoni.
Pana vijiti pale, na kikofia cheusi kama punje ya mtama,
na maandishi ya kiwandani:
Bwana. Mtumwa.

Nitasema kweli, mkono ulisita.
Mji huu una neno hilo ndani ya kuta zake,
chini ya chokaa mpya,
nasi tunapita tukiulizana habari za asubuhi.
Na mtu wa mbali, asiyejua Mikindani iko wapi,
kaliandika kwenye bati kwa herufi za sisimizi
ili visanduku viwili vijue nani aitike kwanza.

Likwata alikuwa amevifanya vyote mabwana.
Kompyuta inauliza: nani hapo?
Wanajibu wote kwa pamoja, sauti zinagongana,
nayo inasikia kelele, inaandika: hakuna mtu.
Mafahali wawili, zizi moja.
Wahenga hawakuuona waya huu, lakini waliujua.

Nikahamisha kikofia kimoja kwa ncha ya sindano yake ya kushonea.
Sikusema nani nimemfanya nini.
Nilisema tu: "Huyu wa kwanza. Huyu wa pili."

D. E.

Bi Somoe akapiga kigelegele kifupi, cha mtu mmoja,
akaleta sidii iliyofungwa ndani ya soksi:
hesabu za upatu wa zamani,
wanawake kumi na wawili, kila jina na mwezi wake.
"Leo Tabia Mnalima atajua nani anamdai nani.
Miaka yote ananipita kama mti."

Sidii ikanguruma, ikatulia, ikafunguka.
Akavaa miwani. Akashuka na kidole:
Machi, Aprili, Mei.
Kidole kikasimama Juni,
kwenye jina lake mwenyewe
na nafasi tupu mbele yake.

Sikuuliza. Nilikuwa naokota skrubu,
tatu; ile ya kutu imeingia pasipojulikana.
Alinilipa ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko
na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne.
Nilipofika barazani nikamsikia kwenye simu:

"Tabia? Ni mimi.
Mimi, Somoe.
Usikate."